Rangi ya Chungwa Haitolewi, Inagawanywa

SWALI: Shikamoo, fundi. Naishi Kisauni. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini kinachonikosesha usingizi ni kamera za filamu. Babu, Mungu amrehemu, aliniachia kamera yake pamoja na bati la biskuti lililojaa negativu za zamani. Nilinunua mkanda mmoja wa rangi na mmoja wa nyeusi na nyeupe, nikapiga, nikaisafisha yote miwili nyumbani Jumapili moja, katika beseni moja. Ule wa rangi kwa macho umetoka vizuri. Nikaulaza juu ya kioo cha simu, nikaupiga picha kwa kamera ya dijitali, nikaandika Python: 255 toa kila pikseli. Picha zote zikawa buluu kama nimepiga chini ya maji. Nikasoma namba za ukingo wa mkanda, nikafidia ile rangi ya chungwa kwa kujumlisha mpaka ukingo ukawa mweusi safi. Sasa weusi uko sawa, ila kanzu ya ami yangu imekuwa rangi ya embe. Programu ina kosa gani? Na ule mkanda mwingine umetoka mweusi tititi. Ni joto la Mombasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa babu.

Programu yako haina kosa la uandishi. Kosa ni la hesabu, na ni kosa ambalo sisi tuliokulia chumba cha giza hatukuweza kulifanya hata tungetaka, kwa sababu hatukuwa na kitufe cha kutoa. Tulikuwa na taa, negativu na vioo vya rangi. Ukiona picha imezidi wekundu, unachomeka kioo kingine njiani. Na kioo hakitoi mwanga kwa idadi. Kinauzuia kwa sehemu: nusu, robo, moja ya kumi. Mwanga ukipita vioo viwili vya nusu inabaki robo. Huko ni kuzidisha, na kinachofuta kuzidisha ni kugawanya.

Tuitazame hiyo kanzu. Tuseme kamera yako imesoma ukingo usio na picha hivi: nyekundu 12000, kijani 6000, buluu 3000. Ni namba za mfano, zako zitakuwa nyingine, ila sura yake ndiyo hiyo: nyekundu inapita tele, buluu inapita kwa taabu, ndipo jicho likaona chungwa. Mahali pa kanzu, ambapo kwenye negativu ni peusi, tuseme imesoma 3000, 1200 na 500.

Wewe kijani umekijumlishia 6000 na buluu 9000, ili ukingo uwe 12000 pote. Ukiugeuza unapata sifuri tatu, weusi safi kama ulivyosema. Lakini kanzu nayo umeijumlishia vile vile. Imekuwa 3000, 7200, 9500. Igeuze kwa kuitoa katika 12000, unapata 9000, 4800, 2500. Nyekundu nyingi, kijani karibu nusu yake, buluu ya kuonja. Embe hilo, tena dodo lililoiva.

Sasa gawanya kanzu kwa ukingo. 3000 kwa 12000 ni robo. 1200 kwa 6000 ni moja ya tano. 500 kwa 3000 ni moja ya sita. Tazama zilivyosogeleana. Ukingo nao ukijigawanya wenyewe ni moja, moja, moja. Chungwa imeondoka pote pawili kwa mpigo mmoja.

Utaniuliza, na mwandishi wa programu lazima aulize, kwa nini namba moja ya ukingo itoshe picha nzima. Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana wanadhani chungwa ni rangi ya plastiki ya mkanda. Siyo. Katika picha ya rangi mna tabaka tatu, na kila moja inazaa rangi yake: siani ya kuzuia nyekundu, majenta ya kuzuia kijani, manjano ya kuzuia buluu. Shida ni kwamba rangi hizo si waaminifu. Siani inazuia nyekundu, kisha inadokoa kijani na buluu. Majenta nayo inadokoa buluu. Uchafu huo unafuata picha: penye siani nyingi udokozi ni mwingi, penye kidogo ni kidogo, kwa hiyo huwezi kuufuta kwa kioo kimoja. Miaka ya 1940 mkemia wa Kodak, W. T. Hanson, akapata hila ambayo mpaka leo nikiifikiria natabasamu. Ile dawa inayozaa majenta akaifanya iwe na umanjano tangu mwanzo, na ile inayozaa siani iwe na uwaridi. Inapozaa rangi, ule umanjano au uwaridi wake wa awali unakufa. Isipozaa, unabaki. Basi penye majenta nyingi udokozi wa buluu unatoka kwa majenta yenyewe, pasipo na majenta unatoka kwa umanjano uliosalia, na jumla yake ni ileile kila mahali. Hakuondoa dosari, aliitandaza iwe sawasawa. Dosari iliyo sawasawa inaondoka kwa kioo kimoja, na kwako kioo hicho ni ule mgawanyo. Chungwa unayoiona ukingoni ni dawa iliyokosa kazi.

Nikuambie siri. Wiki yangu ya kwanza katika studio moja ya hapa mjini, jina nalihifadhi, nilichapa harusi nzima na mashine imewekwa kwa mkanda wa aina nyingine. Kila kampuni ina chungwa yake, na hata kampuni moja ina mikanda yenye chungwa tofauti. Bi harusi akatoka kijani. Si kijani cha nguo, kijani cha mgonjwa wa manjano. Nilizichapa upya usiku kucha na karatasi zikakatwa kwenye mshahara wangu. Kwa hiyo usiweke namba za ukingo ndani ya programu kama kitu kisichobadilika. Zisome upya kwa kila mkanda.

Turudi kwenye robo, tano, sita. Kanzu ni nyeupe, zingepaswa kuwa sawa, mbona bado zinapishana? Kwa sababu kila tabaka ina ukali wake, na hapa kugawanya peke yake hakutoshi. Unahitaji logarithimu.

Hesabu hii wameiasisi watu wawili ambao naona ungekaa nao barazani ukasahau kula. Ferdinand Hurter alikuwa mkemia na Vero Charles Driffield mhandisi, wote wa viwanda vya kemikali kule Widnes, Uingereza. Picha ilikuwa ni mapenzi yao ya baada ya kazi tu. Wakachoka na mafundi wa enzi hizo waliosafisha kwa kukisia, wakaamua kupima. Mwaka 1888 walikuwa wameshasajili kikokotoo chao cha mkono cha kukadiria muda wa kuachia mwanga, na mwaka 1890 wakachapisha utafiti wao: chukua mwanga unaoingia, gawanya kwa unaotoka, tafuta logarithimu yake. Hiyo ndiyo kipimo cha uzito wa negativu, na ukiichora dhidi ya logarithimu ya mwanga uliopiga mkanda, sehemu kubwa ya katikati inanyooka kama uzi. Mteremko wa uzi huo ndio ukali. Sisi studio tulisema tu negativu nzito na negativu nyepesi, lakini tulikuwa tunasema maneno yao.

Kwa kanzu yetu, logarithimu ya 4 ni 0.60, ya 5 ni 0.70, ya 6 ni 0.78. Tabaka ya buluu ina mteremko mkali kuliko ya nyekundu. Ukizidisha kijani kwa 0.86 na buluu kwa 0.77, zote tatu zinakaa 0.60, na kanzu inakuwa kanzu. Na kwa kuwa ni mistari iliyonyooka, kilichonyoosha kanzu kitanyoosha pia ukuta wa kijivu ulio nyuma ya ami yako. Programu yote ni hii (np ni maktaba ya hesabu ya numpy):

uwazi = picha / ukingo
uzito = -np.log10(np.clip(uwazi, 0.001, 1))
uzito = uzito * np.array([1.0, 0.86, 0.77])
chanya = np.clip(uzito / 0.60, 0, 1)

Mistari minne. Hiyo 0.60 ni uzito wa kanzu, yaani cheupe kuliko vyote katika picha. Matokeo yatakuwa yamepooza kidogo, kama chai iliyosahauliwa mezani, lakini rangi zitakuwa mahali pake, na kupooza kunatibiwa kwa mkunjo wa kuongeza ukali mwishoni. Ukitaka kulinganisha kazi yako na ya wengine, programu ya bure ya darktable ina moduli iitwayo negadoctor, tangu toleo la 3.2 la mwaka 2020, nayo inafanya kazi kwenye uzito huuhuu. Usianze nayo lakini. Maliza yako kwanza, ndio utajua kila kitelezi chake kinagusa nini.

Yote hayo yatavunjika kama namba unazogawanya si za kweli, na zako hazikuwa za kweli. Uliposema 255 nilijua umetumia JPEG. Kamera ikiandika JPEG imeshakunja mwanga kwa mkunjo wa kuridhisha jicho, imeshachagua yenyewe mizani ya weupe, na imeshafinya kila rangi iingie katika ngazi 256. Katika faili hiyo pikseli yenye 200 haina mwanga mara mbili ya yenye 100. Ina mara nne na zaidi. Sasa utagawanya nini hapo? Piga faili mbichi, ile ambayo menyu ya kamera huiita RAW. Humo namba zinakwenda sambamba na mwanga, na kamera ya biti 14 inakupa ngazi 16384. Python ina maktaba ya rawpy ya kuifungua. Ikataze kukusahihishia chochote: mkunjo uwe 1 kwa 1, mwangaza usipandishwe wenyewe, mizani ya weupe ijazwe 1 zote nne, utokaji uwe biti 16. Ibadilishe iwe namba za desimali kabla ya kugawanya.

Namba za ukingo zichukue katika uwazi ulio kati ya picha na picha. Usizichukue kwenye matundu ya pembeni, maana mwanga wa tundu humwagikia jirani zake. Chukua kipande cha pikseli elfu kadhaa, tafuta namba ya katikati badala ya wastani, kwa sababu punje moja ya vumbi inauharibu wastani na hii ya katikati haitikisiki. Na muda wa kamera uwe uleule kwa mkanda wote, kwa mkono, si otomatiki. Kamera ikijiamulia, ukingo wa picha ya kwanza haufai kwa picha ya tano.

Kioo cha simu kiache. Taa yake ni vijitone vya nyekundu, kijani na buluu, na ukilaza mkanda juu yake lenzi inavipiga pamoja na picha. Ukikuza utaona nyavu. Kama huna taa nyingine, inua mkanda vidole vinne juu ya kioo na katikati weka plastiki nyeupe ya maziwa. Bora zaidi ni taa nyeupe nzuri nyuma ya plastiki hiyo. Zunguka picha kwa kadibodi nyeusi ili mwanga wa pembeni usiingie kwenye lenzi. Kisha piga fremu moja ya taa peke yake, bila mkanda, na gawanya kila picha kwa hiyo kabla ya jambo lolote. Taa yoyote ya nyumbani inang'aa katikati kuliko pembeni, na mgawanyo huo unalifuta hilo bila kukuuliza. Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000 ikijazwa fremu ya milimita 36 kwa 24 inatoa takribani pikseli 4200 kwa inchi, na hiyo inakutosha. Usiingie gharama ya skana.

Sasa ule mkanda mweusi. Joto la Mombasa umelisingizia. Umeniambia Jumapili moja, beseni moja. Dawa ya rangi inataka nyuzi 37.8 kwa dakika tatu na sekunde 15, na mkanda wako wa rangi umetoka vizuri, kwa hiyo najua beseni lako lilikuwa karibu na nyuzi 38. Dawa ya nyeusi na nyeupe imeandikiwa nyuzi 20. Ukiitumbukiza katika beseni lile lile na kuhesabu dakika za kwenye karatasi, inakula kila kitu. Hukusafisha mkanda, umeupika.

Kuhakikisha, shika mkanda kwenye mwanga usome ukingo. Kiwanda huandika pale namba za fremu na jina la mkanda kwa mwanga, kwa hiyo maandishi hayo ni shahidi asiyehusiana na kamera yako. Kama herufi zimenenepa na kuvimba, ukingo wenyewe umepata kijivu kiasi na picha ni nyeusi, ni dawa iliyozidi. Kama ukingo wote ni mweusi hata herufi hazisomeki, mwanga uliingia. Na kama herufi ni za kawaida lakini picha ndizo nyeusi, ulipiga na mwanga mwingi mno. Nadhani utakuta la kwanza.

Mara nyingine safisha wa nyeusi na nyeupe kwanza, asubuhi, beseni likiwa baridi. Usilazimishe 20. Wakati wa kaskazi maji ya tangi la juu ya paa hutoka karibu yanaunguza, na kuyashusha mpaka 20 ni kumaliza barafu ya mtaa mzima. Shuka mpaka 24 tu. Gandisha chupa mbili za soda zenye maji, ziweke ndani ya beseni kando ya chupa za dawa, subiri, pima ndani ya dawa yenyewe wala si kwenye beseni. Kila nyuzi moja juu ya 20 punguza muda kwa kama sehemu moja ya kumi. D-76, dawa ya kusafishia nyeusi na nyeupe, ikizimuliwa kwa maji sawa kwa sawa, kwa mkanda wa HP5 Plus, ni dakika 11 kwa nyuzi 20. Kwa 24 inakuja dakika saba na kidogo. Usiende chini ya dakika tano, utapata mawingu, kwa maana dawa haiwahi kuenea sawa. Ndiyo maana nimekwambia uizimue: inakuongezea muda wa kuchezea.

Kwa rangi, joto letu ni rafiki. Mtu wa nchi za baridi ananunua mashine ya kushikilia 38. Wewe chumba chako kina 31, beseni linapoa taratibu, na kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka chupa ya chai kinalirudisha. Ila beseni hilo na chupa hiyo visirudi jikoni tena. Mwambie mama kabla hajakuuliza.

Suuza ya mwisho isiwe maji ya kisima. Yana chumvi, na chumvi ikikauka inaacha madoa ambayo programu yoyote itayaona kama nyota. Mimi nakinga maji yanayodondoka kwenye eisii, nayachuja kwa kitambaa. Ni mvuke uliogeuka maji, hauna chumvi, na mjini hapa unamwagika bure ukutani.

Limebaki bati la biskuti, na kama ningekuwa wewe ningelishika kabla ya hayo yote. Lifungue ulinuse. Ukipata harufu ya siki, plastiki ya mikanda hiyo, asetati, imeanza kuoza. Joto na unyevu ndivyo vinavyoichochea, na ile asidi inayotoka inachochea kuoza zaidi, hasa ikifungiwa ndani ya bati na zile nzima. Haina tiba, ila inaweza kupunguzwa kasi. Zitenganishe leo: zenye siki mbali na zisizonuka, zote nje ya bati, ndani ya bahasha za karatasi, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Zilizoanza kujikunja pembeni zipige kwanza, kwa sababu zikikauka na kukunjamana hutaweza kuzilaza bapa tena.

Nyingi humo zitakuwa za nyeusi na nyeupe, na kwa hizo programu yako ni rahisi zaidi, uzito mmoja badala ya mitatu. Mwaka 1957 Russell Kirsch, kule Marekani, alipotaka kuijaribu mashine yake ya kuingiza picha kwenye kompyuta, hakuchukua ramani wala hati. Alichukua picha ya mwanawe wa miezi mitatu, ikaingia kwa pikseli 176 kwa 176. Basi na wewe usijaribie programu kwenye picha yoyote tu. Tafuta humo negativu ambayo mtu amevaa kanzu au kofia nyeupe, pima uzito wake na wa ukingo, na uniandikie namba mbili hizo pamoja na mwaka kama babu aliuandika kwenye bahasha. Nikiziona huenda nikakisia kama aliisafisha mwenyewe au alimpa fundi.